Mchezo wa 'bure' nani huulipia?

Katika Kiswahili neno 'bure' lina maana mbili ambazo hatuna budi kuzitofautisha. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Lakini pia twasema mtu amejisumbua bure, yaani hakuambulia chochote. Vijana wetu wa Boito, kama wenzao kote Bomet na Kericho, huingiza michezo ya intaneti katika simu zao kwa kuwa imetangazwa kuwa ya bure. Ningependa waijue maana ya pili pia.

Chukua mfano wa RuneScape, ulioanzishwa nchini Uingereza mnamo Januari 2001 na Andrew Gower na nduguye Paul. Mchezaji hujipa jina, akaingia katika nchi ya kubuni yenye wachawi na mazimwi, akakutana humo na maelfu ya wachezaji wengine. Hukata miti, huvua samaki na huchimba madini, na kila kazi humwongezea ujuzi. Asiyelipa huruhusiwa sehemu tu ya nchi hiyo. Alipaye ada hufunguliwa iliyobaki. Biashara ya namna hiyo i wazi, nami sioni lawama ndani yake.

Mambo yaligeuka mwaka 2012, gurudumu la bahati lilipoingizwa katika mchezo huo. Mchezaji alipewa nafasi chache za kulizungusha. Alipotaka zaidi, alizinunua kwa fedha halisi pasipo kujua angepata nini. Je, huo ni mchezo au ni kamari? Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa hivyo ni kamari. Mnamo Januari 2025, wauzaji wa Genshin Impact, mchezo mwingine wa 'bure', walikubali kulipa dola milioni 20 nchini Marekani, na kutowauzia visanduku hivyo watoto walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi.

Mkulima wa chai wa Boito ataielewa hesabu hii upesi. Majani yake hupimwa kituoni mbele ya macho yake, na kilo zikaandikwa. Mizani ikimpunja, atateta. Mwanawe naye hutoa saa za usiku, bando za intaneti na pengine fedha za M-Pesa, wala hakuna anayejumlisha.

Wapo watakaosema michezo hii ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Ndani yake kijana hujifunza kupanga, kusoma maagizo na kushirikiana na watu asiowajua. Isitoshe, akikatazwa atacheza mafichoni, mahali ambapo hakuna wa kumshauri.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni kwamba jambo hili tulilete darasani. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi insha juu ya nani hulipia mchezo wa bure. Mwalimu wa hisabati awaagize waandike, kwa juma moja, saa walizocheza na shilingi walizotumia, kisha wajumlishe wenyewe. Nanyi wanafunzi, mkiona gurudumu au kisanduku cha bahati, ulizeni kwanza ni nani anayefaidika mkishindwa. Asiyeuliza swali hilo atacheza bure, na hapo neno hilo litakuwa na maana zake zote mbili.