Njiwa mzito si lazima awe njiwa wa mbio

Kama unafuga njiwa wa mbio mtaani, hii umeisikia mara nyingi: "Cheki huyu alivyo mzito, huyu ni moto!" Msee anamnyanyua ndege, anampima kwa kiganja kama mtu anayechagua nanasi sokoni, halafu anamtia kwenye boksi la safari. Jioni ikifika, ndege hajarudi, na lawama zote zinamwendea mwewe.

Mimi nasema tuache kumsingizia mwewe kila mara. Njiwa wengi tunawapoteza kabla hawajatoka nyumbani, kwa sababu hatujui kutofautisha uzito na afya.

Njiwa wengi wa mbio huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi, na kwa kawaida jike ni mwepesi kuliko dume. Lakini gramu 480 zinaweza kuwa msuli, zinaweza kuwa mafuta, na zinaweza kuwa mahindi aliyomeza sasa hivi ambayo bado yamejaa kwenye kifuko cha chakula chini ya shingo. Mizani haitakuambia ni kipi kati ya hivyo. Ukienda kununua ndege na muuzaji awe amemshibisha asubuhi, utalipia mahindi ukidhani umelipia kifua.

Kwa hivyo tumia mkono. Mshike ndege vizuri, miguu ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, dole gumba likituliza ncha za mbawa juu ya mkia. Pitisha vidole vya mkono wa pili kwenye mfupa wa kifua. Ukiukuta umechongoka kama kisu, huyo amekonda. Anaweza kuwa na minyoo, anaumwa, au amechoka kulisha makinda. Ukiutafuta mfupa usiuone, na nyama ni laini kama unga wa mandazi uliokandwa, huyo amejaa mafuta. Unayemtaka ana nyama iliyojaa pande zote mbili za mfupa, ngumu kiasi lakini inayobonyea kidogo na kurudi.

Usiishie hapo. Puliza manyoya ya kifua uone ngozi. Ya ndege aliye fiti huwa safi na ya waridi. Ikiwa imegeuka ya bluu au inabanduka magamba, mwache apumzike. Angalia vinundu vilivyo juu ya mdomo: kwa ndege mkubwa mwenye afya huwa vyeupe kama chokaa. Mfungue mdomo. Ukiona vitu vya njano vimeganda kooni, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, si wa kupelekwa mashindanoni. Tandaza mbawa pia. Kila ubawa una manyoya makubwa kumi ya mwisho, na ndege anayeyabadilisha akiwa na mapengo makubwa hafai kwa safari ndefu. Halafu chungulia sakafu ya banda. Kinyesi kikiwa kidogo, kimeshikana na kina weupe juu, mambo ni poa. Kikiwa maji ya kijani, kuna shida.

Mbona nasisitiza hivi? Fikiria njiwa unayemwachilia Naivasha aje Nairobi. Anaanzia chini katika Bonde la Ufa, kisha lazima apande kingo zake na kuvuka nyanda za juu upande wa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mafuta ndiyo petroli yake ya safari. Akiwa hana, anaishiwa njiani na kutua asikokujua. Akiwa nayo kupita kiasi, anabeba gunia mgongoni huku akipanda mlima. Sisi Wakenya tunapaswa kuelewa hili kuliko wengine. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022, kuna aliyemtazama akasema ni mwembamba mno?

Hata wenye pesa ndefu hawanunui kilo. Mwaka 2020 njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa kwa euro milioni 1.6. Hakuna aliyelipa hizo kwa sababu ya gramu.

Najua utaniambia: "Buda, si ni ndege tu? Akipotea nanunua mwingine." Hapo ndipo tunakosana. Njiwa hawezi kukuambia leo hajisikii vizuri. Ukimwachilia, atajaribu kurudi hata kama mwili hauwezi, kwa sababu mwenzake na chakula chake viko kwako. Wewe ndiye mwenye uwezo wa kusema leo haendi. Na ukimpeleka mgonjwa eti kwa sababu mumewekeana mia mbili na marafiki, basi umeuza uhai wake kwa bei ya chipsi.

Kwa hivyo tafuta mizani ndogo ya jikoni na daftari. Mpime kila ndege asubuhi kabla hajala, saa ile ile, uandike. Usimlinganishe na wa jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Akinenepa, punguza mahindi, ongeza shayiri na umrushe zaidi juu ya ploti. Akipungua ghafla bila sababu, mtenge na wenzake na utafute daktari mapema.

Usiku wa kuamkia mashindano, mshike kila mmoja mkononi kabla hajaingia kwenye boksi. Ukiwa na shaka naye, mrudishe bandani. Marafiki watakucheka kidogo, lakini wiki ijayo bado utakuwa na njiwa wa kuwashinda nao.