Wachungaji Waliotoka Usiku



Mwezi Mei mwaka 1992, katika kanisa la Kibaptisti la Morning Star mtaani Mattapan, jijini Boston, waombolezaji walikuwa katika ibada ya mazishi ya kijana aliyeuawa kwa risasi. Ghafla vijana wengine wakaingia wakimfukuza mwenzao, wakamshambulia kwa visu mbele ya watu wote. Yaani hata penye jeneza hapakuwa tena na hofu ya Mungu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1990, jiji hilo lilikuwa limehesabu mauaji 152.

Naomba tulitazame lililofuata, maana linatuhusu sisi wenye nyumba za ibada. Wachungaji kadhaa wa jiji hilo waliunda umoja ulioitwa Ten Point Coalition, wakatoka nje. Mmoja wao, Mchungaji Jeffrey Brown, amesimulia kwamba hapo awali alitegemea mahubiri. Kumbe waliomsikiliza kanisani hawakuwa wale walioshika bunduki. Basi Ijumaa, tangu saa nne usiku hadi saa nane, wakawa wanatembea mitaani. Mwanzoni vijana waliwatazama tu. Mazungumzo yalipoanza, wachungaji ndio waliosikiliza. (Sisi tuliozoea mimbari tunajua ugumu wa jambo hilo.)

Mwaka 1996 ikaanza Operesheni Ceasefire, iliyowaunganisha polisi, maofisa wanaosimamia wenye vifungo vya nje, wahudumu wa vijana na viongozi wa makanisa. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba wanamagenge wapatao 1,300, pungufu ya asilimia 1 ya vijana wa jiji, walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Hao ndio walioitwa na kuambiwa ana kwa ana: anayetaka kuacha atasaidiwa, lakini genge litakaloua litaandamwa lote na sheria. Mwaka 1999 mauaji yalikuwa 31.

Wapo wanaobishana kama sifa ni ya polisi au ya wachungaji, na ni kweli kwamba miaka ile mauaji yalipungua katika miji mingi ya Marekani. Ubishi huo sioni faida yake. Kinachonisikitisha ni kwamba baada ya mwaka 2000 kazi ile ililegezwa, na kufikia 2005 mauaji yalikuwa yamepanda hadi 75. Mkulima akiridhika na mavuno ya msimu mmoja akaacha palizi, magugu hayamsubiri.

Lakini anayenifundisha zaidi ni mama mmoja. Desemba 1993, Louis Brown, mtoto wa miaka 15, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Noeli ya kikundi cha vijana wanaopinga magenge. Akapigwa risasi za watu waliokuwa wakishambuliana. Mama yake, Clementina Chéry, pamoja na familia, alianzisha taasisi ya amani yenye jina la mwanawe mwaka 1994, na tangu 1996 yakawepo matembezi ya amani Siku ya Mama. Taasisi hiyo huwasindikiza waliofiwa, na pia familia za walioua. Hapo wengi tungeishia njiani. Tunasahau kwamba Abeli na Kaini walilia kwa mama mmoja.

Mwaka 2024 Boston ilihesabu mauaji 24, idadi ndogo kabisa kwa miongo mingi. Sisemi kwamba matembezi peke yake yalileta hayo.

Nawauliza ninyi wa jumuiya ndogondogo: msiba wa namna hii ukitokea, njia ya nyumba ya marehemu tunaijua, na michango huchangwa siku ile ile. Nyumba ya yule aliyekamatwa, je, nani huenda kubisha hodi? Viongozi wa jumuiya walete majibu yao katika kikao kijacho cha parokia.