Mtoto Ajipimaye Mwenyewe

Wengi wetu wazazi tukimwona mtoto ameinamia daftari saa nzima twaridhika na kusema, huyu asoma. Huenda ni kweli. Lakini yuko asomaye ukurasa mmoja mara nne naye hajui kama ameuelewa au la. Hujua siku ya mtihani, na hapo saa imekwisha pita. Nyumbani huitwa mjinga, pengine hutolewa shuleni akachunge ng'ombe. Kumbe akili anazo, ila hana desturi ya kujihoji.

Wataalamu wa elimu, kama Mmarekani Barry Zimmerman, wameeleza kwamba mwanafunzi ajiongozaye hujiwekea shabaha kabla ya kusoma, hujiangalia akisoma, na akiisha hujihukumu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Marehemu Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963. Alikuwa Rais, nani angethubutu kumsahihisha? Aliisahihisha mwenyewe, ikatoka upya mwaka 1969. Tena Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974, ililaumu desturi ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa kuandika tu.

Basi, mzazi asiyejua hesabu apimeje? Mtoto akimaliza hesabu kumi alizopewa, kabla hajazipeleka kwa mwalimu, mwulize: "Wadhani umepata ngapi?" Jibu lake aliandike pembeni. Daftari likirudi, linganisheni. Aliyesema tisa akapata nne ana safari ndefu kuliko aliyesema nne akapata nne, maana huyu wa pili ajua pa kuanzia. (Nashangaa jinsi wengi wetu tumpendavyo yule wa tisa kwa ujasiri wake!) Wala msimchape kwa kukisia vibaya. Akichapwa, kesho atasema mbili ili ajiokoe, na kipimo chenu kimeharibika.

Kisha mwulize ile aliyokosa aliifikirije, na safari nyingine atafanya nini. Akijibu, "Nitajitahidi," bado hajajiona. Akijibu, "Nitasoma swali mara mbili kabla ya kujumlisha," huyo amejiona. Ni kazi ya dakika tano jioni, ng'ombe wakiisha ingia zizini, na baba au mama asiyejua kusoma aweza kuifanya sawasawa na mwalimu.