Utata wa kanuni za karata wahamia kwenye simu

MTAANI Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, mchezo wa karata ambao Wakenya huuita ‘poka’ au ‘kadi’ hauhitaji kitabu cha kanuni. Wachezaji hukubaliana kwa maneno kabla ya karata kugawanywa, na ubishi ukizuka huamuliwa papo hapo. Sasa mchezo huo umeingia kwenye simu pamoja na utata wake wote.

Huu si ule poka wa kasino za ng’ambo. Mshindi ni anayemaliza karata zake kwanza, kwa kuweka inayolingana na iliyo juu kwa nambari au kwa aina. Baadhi ya karata zina nguvu. Karata ya 2 humlazimu anayefuata kuokota mbili, 3 humwokotesha tatu, na jokeri tano. J humruka mchezaji, K hugeuza mkondo wa zamu, ilhali Q na 8 ni ‘swali’ linalodai jibu. A huitisha aina nyingine na pia huzuia adhabu ya kuokota. Anayekaribia kumaliza sharti atangaze ‘niko kadi’.

Tatizo huzuka nguvu mbili zinapokutana. Aliyewekewa 2 akijibu kwa 3, anayefuata ataokota tatu au tano? A iliyozuia adhabu yaweza pia kuitisha aina? Na wakiwa wachezaji wawili tu, K hurudisha zamu kwa nani? Hata wapangaji wa ploti moja waweza kutofautiana.

Mwundaji wa programu hana budi kuchagua jibu moja. Iwapo halikuandikwa, mchezaji huona tu karata yake ikikataliwa au zamu ikimpita. Mezani ubishi ni nusu ya burudani. Simu haibishani na mtu.

Wenye kampuni kubwa nao hawajanusurika. Mnamo Mei 2019, wenye mchezo wa Uno walitangaza kwamba karata ya kuokota mbili haiwezi kuwekwa juu ya ile ya kuokota nne. Wengi walishangaa, kwani walikuwa wamecheza hivyo tangu utotoni. Katika Magic: The Gathering, ulioanza 1993, karata ‘isiyoweza kuharibiwa’ bado yaweza kutolewa kafara, kwa kuwa kanuni huyahesabu hayo kuwa matendo mawili. Kanuni zake kamili huzidi kurasa 200.

Mchezo ukiwa wa kujifurahisha, hasara ni hasira tu. Panapowekwa dau, hata la nauli ya matatu, kanuni huwa ndiyo mkataba, na mkataba usiosomeka humfaa mwenye programu pekee. Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari mnamo Agosti 2025, ikichukua nafasi ya ile ya 1966. Inawazuia walio chini ya miaka 18, jambo jema, lakini mtu mzima naye anastahili kujua anachokichezea.

Dawa si ghali. Kabla ya kugawa, programu ingeuliza kwa Kiswahili iwapo 3 yaweza kufuata 2, A inazuia nini, na kama inaruhusiwa kumalizia kwa karata yenye nguvu. Karata inapokataliwa, sentensi moja ya kueleza sababu ingetosha.