Si kila anayehangaika usiku ana jini



Yapo maumivu ya kichwa ambayo madaktari huyaita ya klasta, kwa kuwa huja kwa mafungu: wiki kadhaa mfululizo, mara nyingi usiku, saa ile ile. Hushika upande mmoja, nyuma ya jicho. Jicho hutoa machozi, pua huziba. Mwenye kipandauso hutafuta giza akalala. Huyu hatulii, huzunguka chumbani, pengine akigonga kichwa ukutani. Jamaa zake husema amepandwa na jini, au humtuhumu jirani kwa uchawi.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jema, wala hakuzuii matibabu. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Usama bin Sharik (r.a.), aliwaamrisha waliomuuliza watafute tiba, kwani Allah hakuteremsha maradhi bila dawa, ila uzee.

Na tiba ipo. Vidonge vya kawaida vya maumivu havisaidii. Oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika kupitia barakoa, huwatuliza wengi ndani ya dakika 15. Verapamil, dawa ya shinikizo la damu, hukinga, chini ya uangalizi wa daktari na kipimo cha moyo.

Basi ewe mzazi wa Muleba, mpeleke mwanao Rubya, Ndolage au hospitali ya rufaa Bukoba, ukiwa umeandika saa za maumivu. Enyi madaktari, mtungi wa oksijeni unaomwokoa mwenye nimonia msimnyime huyu. Nanyi maimamu, lisemeni hili mimbarini, kwani kumzulia jirani uchawi ni dhulma.

Wabillahi tawfiq.