MAONGEZI YA NYUMBANI: Muhuri na Shahidi Wake



Mwezi huu sina budi kuungama kosa langu kwanza, ndipo nifundishe. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya ibada, akaniomba barua ya sifa njema, kwa maana alikuwa amepata chuo cha nchi ya mbali kifundishacho kwa njia ya intaneti. Nikaonyeshwa picha ya jengo kubwa na muhuri wa rangi ya dhahabu, na maneno ya kwamba chuo kile kimepewa ithibati na baraza la kimataifa. Nikatia sahihi nisiulize neno. Yeye akauza ng'ombe wawili. Baada ya miezi sita akaletewa shahada. Lakini alipoipeleka kwa wakuu wake, aliambiwa ya kuwa chuo hicho hakitambuliwi. Ng'ombe wamekwenda, na ada ya watoto imekwenda nao.

Basi, ithibati ni nini? Ni ushuhuda wa mtu mwingine. Wajuzi wasio wa chuo hicho huwatazama walimu wake, vitabu vyake na mitihani yake, kisha hushuhudia ya kuwa yatosha. Kwa hiyo haifai kuuliza tu, "Je, chuo kina ithibati?" Yatupasa kuuliza, "Ni nani aliyeitoa, naye atambuliwa na nani?"

Hapo ndipo wadanganyifu wategapo mtego. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifunua habari za kampuni ya mji wa Karachi, nchi ya Pakistan, iliyobuni vyuo vingi katika intaneti, ikabuni na mabaraza ya ithibati yavishuhudie vyuo vile. Mwizi alijiletea shahidi kutoka nyumbani mwake!

Wala msidhani kwamba kusoma kwa mbali ni uongo. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu wasiokaa vyuoni mwake. Na hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewasomesha wengi wasioacha kazi wala nyumba zao. Umbali si kosa. Kosa ni kukosa shahidi wa kweli.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni hivi.

Kwanza, kama ni chuo kikuu cha Tanzania, tafuteni jina lake katika orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kama ni chuo cha ufundi au cha kati, ulizeni NACTVET. Kama ni shule, Wizara ya Elimu. Ulizeni wenyewe, msitegemee karatasi mpewayo na chuo.

Pili, ulizeni habari za masomo yenyewe, si jina la chuo tu, kwa maana programu nazo huthibitishwa.

Tatu, kama ni chuo cha nje, ulizeni kwanza huko kwao. Marekani, kwa mfano, ithibati hutolewa na vyama vya wajuzi, navyo hutambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au na baraza liitwalo CHEA. Kisha ulizeni TCU, ambayo hupima shahada za nje. Tena ulizeni kabla ya kulipa.

Nne, leseni ya biashara si ithibati. Na chuo kiahidicho shahada pasipo mtihani, kikimbieni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wako pia watumiao vyeti vya uongo hali wakijua. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliwaondoa kazini watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Huko ni kupima kwa mizani ya hila, na watoto wetu hututazama.

Mwalimu yule ameanza upya, katika chuo chenye shahidi wa kweli. Ada ya kwanza nimemsaidia kwa kadiri ya mkono wangu, maana sahihi yangu ilikuwamo katika hasara yake.

Ni mimi ndugu yenu,
Katekista