Kiyoyozi pekee hakitoshi chumba cha upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu. Tangu Mkoa wetu wa Katavi uanzishwe mwaka 2012, Serikali imetujengea hospitali ya rufaa hapa Mpanda. Tunashukuru.

Hofu yangu ni moja. Wengi tunadhani chumba chenye baridi ndicho chenye hewa safi. Sivyo. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ile ile, hakiingizi mpya. Chumba cha upasuaji chahitaji hewa iliyochujwa, ibadilishwe mara 20 hivi kwa saa, na inayoingizwa izidi inayotolewa. Hapo mlango ukifunguliwa hewa husukumwa nje, na vumbi letu la kiangazi halifiki kwenye kidonda.

Siku hizi wahandisi huweza kukokotoa kwa kompyuta njia itakayopitwa na hewa chumbani kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kosa la ramani ni rahisi kufuta. La ukuta ni ghali.

Nawaomba wahusika wasipitishe ramani ya chumba cha upasuaji, hata cha kituo cha afya kijijini, bila kuiona hesabu hiyo. Mama aliyenusurika kisu asije akauawa na hewa.

Msomaji wako,
Mpanda, Katavi.